Mbuzi Waliotembea Kinyumenyume

Maneno ya "fundi, ni kitu kidogo tu" Wainaina alikuwa ameyachoka. Miaka ishirini na mitatu amekaa Kenyatta Market, kibanda chake kimebanwa katikati ya saluni mbili, akitengeneza draya za nywele na mashine za kunyolea, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kumletea kitu kikubwa. Draya imeungua mota, kitu kidogo tu. Mashine imeanguka kwenye ndoo ya maji, kitu kidogo tu. Kwa hivyo Jumanne ile asubuhi, alipoona msichana aliyevalia kiofisi na mama mtu mzima wakimwekea mezani sanduku la chuma lililofungwa kwa leso, hakungoja hata salamu.

"Ni kitu kidogo tu, sivyo?"

"Hapana," mama akamjibu. "Hii ni kubwa."

Wainaina akaweka bisibisi chini. Mama akafungua leso, na pale mezani, kati ya draya mbili zilizopasuliwa matumbo, ikatokea projekta ya sinema, zile ndogo za nyumbani, ina mikono miwili ya kushikilia filamu na jicho moja la kioo mbele. Wainaina alihisi vidole vikimwasha. Ujanani, kabla ya televisheni kuingia kila nyumba na kumfukuza kazi, alizunguka na gari la sinema akionyesha watu wa mashambani matangazo ya sabuni. Projekta hakuwa ameigusa tangu wakati huo.

"Mnataka kuiuza?"

"Tunataka itembee," alisema msichana. "Kabla ya Alhamisi."

Msichana aliitwa Maureen, na mama yake Kavata. Walikuwa Wakamba, wakaaji wa Hurlingham, na shida yao waliieleza kwa kupokezana, mmoja akichoka mwenzake anaendelea. Jumamosi ya wiki hiyo wakwe walikuwa wanamletea Maureen ntheo. Sasa, kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio ndoa yenyewe. Harusi ya kanisani ni sherehe na cheti ni karatasi. Mbuzi wasipofika, mwanamke ni mgeni tu aliyekawia. Na mdogo wake Kavata, mzee mmoja anaitwa Mwau, alikuwa amesimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba mbuzi wa dada yake hawakuletwa kamwe. Marehemu Kimanzi, alisema Mwau, alimchukua Kavata mikono mitupu. Kama ni hivyo, Kavata hakuwahi kuwa mke wa mtu, Maureen si mtoto wa nyumba ya Kimanzi, na mbuzi wa Jumamosi hawawezi kupokelewa huko. Waende ujombani, kwa Mwau mwenyewe.

"Na wewe mama, si ulikuwa hapo?" Wainaina aliuliza. "Si uliwaona?"

Kavata alitazama pembeni. "Nilikuwa ndani. Kwetu msichana anayeletewa mbuzi hatoki nje kuwatazama kama anayenunua sokoni. Niliketi kitandani, shangazi zangu wawili wamesimama mlangoni kama askari. Mbuzi niliwasikia. Lakini Mwau ananiuliza, hao uliowasikia walikuwa wa nani? Boma letu lilikuwa na mbuzi arobaini."

"Na wazee waliokuwepo?"

"Wote wako chini ya mchanga. Amebaki Mwau peke yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa."

Kilichobaki kingine ni sahani ya filamu, upana wa kiganja, ambayo Maureen aliitoa kwenye mkoba wake kwa uangalifu. Kimanzi alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Spring Valley, na mzungu huyo alipenda kamera kuliko chakula. Siku ya ntheo alimsindikiza mpishi wake hadi Mitaboni, kwa kina Kavata, akapiga picha, na alipohama nchi akamwachia filamu pamoja na mashine. Nyumba yao ya kwanza haikuwa na stima. Walipohamia penye stima, mashine ikawa inanguruma tu, haizunguki. Ikasukumwa chini ya kitanda, Kimanzi akiahidi kila Krismasi kwamba mwaka ujao ataitafutia fundi. Akafa akiwa bado anaahidi.

"Miaka arobaini na sita, fundi," Kavata alisema. "Nimemzalia watoto watano, nimemuuguza, nimemzika. Leo naambiwa nilikuwa rafiki yake tu. Haki ya Mungu, hiyo inauma kuliko kufiwa."

Wainaina hakusema tena habari ya kitu kidogo.

Walipoondoka aliwasha mota. Ikanguruma, magurudumu yakakaa kimya. Mota nzima, basi. Nguvu ipo, haifiki tu mahali. Akafungua kifuniko cha nyuma na kumkuta mkosaji wa kwanza papo hapo. Mkanda wa mpira, unaotoa mzunguko kwenye mota kupeleka ndani, ulikuwa umeyeyuka kwa uzee ukawa lami nyeusi inayonata kila mahali. Ai! Alifuta saa nzima kwa spiriti na pamba alizoomba kwa Debra wa saluni ya kushoto. Ndani zaidi grisi ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Aliikwangua kwa kijiti asichubue chuma, akaweka tone moja moja la mafuta ya cherehani. Mkanda wa dukani hakuwa nao, wala hakukuwa na duka Nairobi nzima la kuuza, kwa hivyo alikata pete nyembamba kwenye tyubu ya pikipiki, akaivalisha.

Jumatano jioni akachukua kipande kitupu cha mwanzo wa filamu, kile kisicho na picha, akakipitisha kwenye mashine. Kikapita kikitambaa chaka-chaka-chaka, bila kukwama. Akarudia mara sita.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la fundi wa Nairobi hasa. Taa hakuiwasha. Taa ilikuwa moja tu, ya miaka hiyo, na mtu aliyeishi kwa kuokoa vipuri haunguzi taa ya mwisho kwa majaribio. Mashine aliijaribu ikiwa baridi. Kama ingemjia akilini kwamba taa ile ina joto la kukaangia yai, hadithi hii ingekuwa fupi.

Alhamisi saa tisa alasiri alikuwa Hurlingham, ghorofa ya pili, sebuleni kwa Kavata. Blanketi tatu zimepigiliwa dirishani, shuka nyeupe ukutani. Mwau alikuwa ameshafika, karani mstaafu wa serikali, koti hajavua, chai ameiacha mpaka ikapata utando juu.

"Saa kumi na moja natoka," alisema. "Kesho asubuhi wazee wa ukoo wanasubiri neno langu. Dada, mimi sina vita na wewe. Nasema nilichoona. Siku ile sikuona mbuzi."

"Utawaona leo," Kavata alisema.

"Nikiwaona nitasema nimewaona. Mimi si mwongo."

Wainaina aliwasha mota, halafu taa. Shuka ikapata uhai. Njia ya vumbi, watu wanatembea, mwanamke anaficha uso asipigwe picha. Halafu kijana mrefu mwenye tai akageuka kutazama kamera, na Kavata akavuta pumzi. "Kimanzi," alisema.

Na hapo picha ikaanza kulegea. Kimanzi akatembea polepole, kama mtu ndani ya maji. Akasimama. Wainaina alijua kinachofuata sekunde moja kabla hakijafuata: doa la kahawia likachipuka kwenye shavu la Kimanzi, likatanuka, likatoa mapovu. Alichomoa waya ukutani kwa nguvu hata soketi ikalia.

"Woi!" Kavata alikuwa amesimama. "Unamchoma! Fundi, unamchoma!"

"Pole mama. Pole sana." Filamu ikisimama mbele ya taa inaungua, hilo alilijua tangu hajaota ndevu. Alifungua mlango wa kioo, akaitoa taratibu. "Imeungua picha moja tu. Kwa sekunde moja zinapita kumi na nane. Ni moja."

Mwau alitazama saa yake ya mkononi. "Hata mashine imekataa kusema uongo," alisema.

"Anko!" Maureen alimaka.

"Nimesema nini? Mkono mtupu haulambwi, na mashine mbovu haishuhudii."

Kavata aliketi. Hakulia, alitazama tu shuka tupu ukutani, na Wainaina akaona aibu. Mama huyu alikuwa amemletea ndoa yake ndani ya leso, na yeye akaokoa taa.

"Nipeni nusu saa," alisema. "Maureen, uko na rangi ya kucha? Yoyote."

Ilikuja nyekundu. Wainaina aliweka alama kwenye gurudumu la mota, nyingine kwenye mkanda, nyingine kwenye gurudumu la ndani. Akawasha mota na taa bila filamu, akangoja mashine ipate joto, kisha akaanza kuzima na kuwasha kwa vipande, akitazama alama. Alikuwa na hakika ni ile tyubu ya pikipiki inayoteleza. Lakini alama za mkanda hazikuachana hata kidogo. Mkanda haukuwa na hatia. Akaingia hatua ya pili.

Ndani kulikuwa na vijigurudumu viwili vya mpira, ukubwa wa kifungo cha koti. Kimoja hukandamiza ukiamua filamu iende mbele, kingine ukiamua irudi nyuma. Alikigusa cha mbele kwa ukucha na kumwona adui wake. Upande mmoja kilikuwa bapa. Swichi ilikuwa imeachwa kwenye "mbele" miaka yote ile chini ya kitanda, na mpira, ukiwa umekandamizwa mahali pamoja, ukabonyea. Ukiwa baridi ulikuwa unashika hivyo hivyo. Ukipata joto, unalainika na kuteleza.

"Hicho cha mbele kimekufa," aliwaambia. "Lakini hiki cha kurudi nyuma, kitazameni, hakijatumika. Nani hurudisha sinema nyuma? Kiko kama siku kilipozaliwa."

"Kwa hivyo?" Maureen aliuliza.

"Naweza kuzungusha filamu kwa mkono hadi mwisho, halafu tuitazame ikirudi. Kutoka mwisho hadi mwanzo. Haitakwama."

"Fanya," Mwau alisema. "Saa kumi na dakika kumi sasa."

Ikafanywa. Chaka-chaka-chaka, na safari hii mashine ilitembea kama iliyolipwa. Kwenye shuka wanaume walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha nyasi, mbele yao sinia. Kijana mwenye nywele za afro na suruali ya belbotom aliinua kibuyu, na kibuyu kikajaa kutoka mdomoni mwake. Akakiweka chini, akaupeleka mkono mdomoni, akatoa kipande cha nyama, kizima, akakirudisha kwenye sinia na kukitazama kwa hamu.

Maureen aliangua kicheko. "Anko, si huyo ni wewe!"

"Hiyo ni nyama," Mwau alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. "Nyama huliwa sherehe yoyote. Haijaandikwa jina."

Nyama ikaisha kutoka midomoni, watu wakainuka na kurudi nyuma hadi uani. Yule kijana wa afro alikuwa ameshika kamba, na kwenye kamba mbuzi watatu. Akaunyoosha mkono, akamkabidhi Kimanzi ile kamba. Kimanzi akaipokea, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na mbuzi wakamtangulia, mikia mbele, hadi nje ya lango.

"Hapo! Simamisha hapo!" Mwau alikuwa amesimama, kidole kwenye shuka. "Mmeona? Ninampa kamba! Mbuzi wanarudi kwao!"

"Haisimamishwi, mzee. Ikisimama inaungua."

"Anko, ulishaona mbuzi anatembea akitanguliza matako?" Maureen alisema. "Si fundi amekwambia inaenda nyuma?"

"Mimi ni shahidi. Wazee wataniuliza macho yangu yaliona nini. Nitawaambia yaliona nikimpa Kimanzi mbuzi. Hiyo ndiyo sinema niliyoonyeshwa."

Wainaina alitaka kumwambia neno zito, la Kikuyu, ambalo halina tafsiri nzuri. Lakini Kavata ndiye aliyemnyamazisha. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Zima, fundi," alisema. "Najua inaenda nyuma, sijazeeka akili. Lakini kwetu mbuzi wakirudishwa hiyo ni talaka. Nimekaa hapa mbele ya mtoto wangu nikitazama nikiachwa. Zima."

Akazima. Kutoka barabarani ikasikika honi moja na mtu akiuza maembe.

Saa kumi na nusu. Wainaina alivitazama vile vijigurudumu viwili, halafu akavitazama tena. Akang'oa uzi kwenye ncha ya blanketi, akauzungusha kwenye kimoja, akabana urefu kwa kucha, akauzungusha kwenye kingine. Sawasawa. Hata tundu la katikati. Mungu ambariki mzungu aliyeamua kutengeneza viwili vya aina moja!

"Nahamisha," alisema. "Cha nyuma nakileta mbele."

Kila kijigurudumu kilishikiliwa na kichuma chembamba kama kipande cha ukucha, kinachozuia kisichomoke. Cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili kiliruka, kikagonga mguu wa meza, kikapotea.

"Msisogee!" Wainaina alipiga kelele. "Yeyote asiinue mguu!"

Na hapa lazima Mwau apewe haki yake. Alivua koti, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akapiga magoti kwenye zulia na tochi ya simu, akatambaa na magoti yake ya miaka sitini na mitano hadi chini ya kochi. "Mimi nataka ukweli," alinung'unika huko chini. "Msifikiri nataka mbuzi tu. Ninao mbuzi." Alitoka na vumbi kwenye nyusi na kile kichuma kwenye ncha ya kidole.

Safari hii Wainaina aliwasha taa bila filamu na kuiacha iwake. Dakika kumi kamili, mwanga mweupe ukutani na hakuna kitu ndani yake, harufu ya vumbi linaloungua, wote wanne wanautazama kama wanaosubiri basi. Taa ikifa sasa, ife. Alibonyeza kijigurudumu kwa ncha ya bisibisi. Kiligoma kuteleza. Akabonyeza zaidi. Kikagoma.

Akapachika filamu na kuiachilia kutoka mwanzo.

Njia ya vumbi. Mwanamke anaficha uso. Kijana mwenye tai anageuka, doa la kahawia linapita usoni mwake haraka kuliko kupepesa jicho, halafu uso wenyewe, mzima, unatembea. Lango. Kimanzi anaingia, mbuzi watatu nyuma yake wakitanguliza vichwa kama mbuzi wenye adabu. Kijana wa afro anatoka kibandani, kibuyu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unanyooka, unapokea kamba. Anaishika. Anawavuta mbuzi hadi nyuma ya nyumba. Anarudi, anakaa, anakula.

Filamu iliisha, mkia wake ukapigapiga kwenye mkono wa mashine. Mwau akaketi.

"Nilikuwa nimelewa," alisema. "Ilikuwa siku yangu ya kwanza kunywa. Mimi ninachokumbuka ni viboko vya baba kesho yake. Mbuzi siwakumbuki hata mmoja." Alijifuta vumbi kwenye nyusi. "Dada, nimekutukana mbele ya ukoo kwa sababu ya pombe ya mwaka wa sabini na tisa."

Kavata alimgeukia. "Umenikosesha usingizi, Mwau. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza. Unanisikia? Usiku nalala nikijiuliza kama ndoa yangu niliiota."

"Nisamehe."

"Piga simu kwanza. Nitakusamehe ukimaliza."

Akatoka nje kwenye roshani, akaacha mlango wazi. Walimsikia akipiga kelele kama wazee wanavyopiga kelele kwenye simu: ndiyo, ililetwa, mbuzi watatu, hapana, sikuambiwa, kamba nilishika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, andikeni hivyo.

Wainaina alianza kukunja waya.

"Fundi," Kavata alisema, "itaweza kwenda tena?"

"Hata mara kumi, mama."

"Moja inatosha."

Mara ya kwanza wote walikuwa wametazama mbuzi. Safari hii Kavata alivuta kiti mbele, peke yake, na akamtazama mtu. Kimanzi alikuja na njia ya vumbi, akageuka, akatabasamu kwa kamera. Alipofika langoni tabasamu lilimtoka. Alisimama. Alipangusa kiganja kwenye suruali, akahamisha kamba, akapangusa na kingine, na kamba karibu imponyoke. Alirekebisha tai, akairekebisha tena. Aliinua macho kuelekea nyumba, kwenye dirisha dogo lililofungwa, akakaa hivyo.

"Kumbe aliogopa," Kavata alisema. "Maureen, tazama baba yako. Anaogopa nitamkataa."

Maureen alikuwa analia wazi wazi. Kavata aliinuka, akasogea hadi kwenye shuka, karibu sana, vumbi la Mitaboni likamwangukia kwenye mabega na kanga.

"Ingia tu, Kimanzi," alimwambia. "Mimi niko ndani."